"Maneno Si Yangu": Nani Hasa Humruhusu Mtu Kumnukuu Mmonaki?

Mwalimu aliingia na bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani kama abiria aliyebeba mayai kwenye daladala. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la madaftari hapa Moshi mjini, karibu na stendi, na sauti za wapiga debe huingia hata ukifunga dirisha. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, nimeruhusiwa. Soma mwenyewe."

Ilikuwa barua ya mkono, wino wa bluu, kutoka kwa mmonaki wa Kibenediktini kusini mwa nchi. Sehemu yake ninaiweka hapa, na nukta tatu utakazoziona katikati si uvivu wangu, nitazieleza baadaye.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Barua yako imenikuta katika juma la pili la Kwaresima. Nimefarijika kusikia kwamba kijitabu kile kilikaa nawe wakati wa msiba wa mzee wako. … Kuhusu ombi lako, mimi sina neno. Maneno yale si yangu. Tumia yatakayokufaa, ila umwandikie Baba Abate."

Mwalimu ni mstaafu wa Kibosho, mjane wa miaka mitatu. Alikuwa anaandika kitabu kidogo cha kuwasaidia wafiwa, cha kusomwa jioni baada ya watu kurudi makaburini na turubai kufunguliwa, pale nyumba inapobaki na wenyewe. Alitaka nakala 500. Na kwa macho yake jambo lilikuwa limekwisha: mwenye maneno kasema tumia. Hayo ya Baba Abate, mkuu wa monasteri, aliyapita kama mtu anavyopita salamu za mwisho wa barua.

"Hilo la kusema maneno si yake ni unyenyekevu tu," akaniambia. "Watawa ndivyo wanavyoongea."

Hapo ndipo fundo lilipo. Ni unyenyekevu, sawa. Lakini mmonaki akisema maneno si yake, mara nyingi anaeleza pia hali halisi ya mali, kama vile dereva wa lori anavyokuambia gari si lake. Unaweza kumsifu dereva kwa upole wake, ila ukitaka kulikodi lori utamtafuta tajiri.

Twende kwenye mzizi. Wabenediktini huishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Sura ya 33 inauliza kama mmonaki anaweza kuwa na kitu chake mwenyewe, na jibu lake halina kona: asiwe na kitu, wala kitabu, wala kibao cha kuandikia, wala kalamu. Ona vitu vilivyochaguliwa kutajwa. Angeweza kusema ng'ombe au shamba. Amegusa zana za mwandishi. Sura ya 54 inaendelea: mmonaki asipokee wala asitume barua au zawadi yoyote ndogo bila ruhusa ya abate, hata ikitoka kwa wazazi wake. Leo monasteri nyingi hazifungui barua za wenyeji wake, na wamonaki wana simu kama sisi. Lakini roho ya sura ile bado inatembea, na ndiyo iliyomfanya mzee wa watu aandike "umwandikie Baba Abate" bila kufikiri mara mbili.

Kanuni ya karne ya 6 peke yake isingekuwa na nguvu mbele ya mahakama ya Moshi. Daraja kati ya monasteri na serikali ni karatasi. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 668, unasema kwamba anachopata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika lake. Kwa mashirika ambayo asili yake inadai mtu aache mali zote, unamtaka atie sahihi ya kuziacha kabla ya nadhiri za daima, na kwa namna ambayo, kadiri inavyowezekana, hata sheria ya nchi itaitambua. Kwa hiyo mmonaki unayemwandikia leo huenda alishatia sahihi miaka arobaini iliyopita, kijana, mbele ya mashahidi, akikabidhi hata vitabu ambavyo alikuwa bado hajaviota.

Sasa upande wa serikali. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zanzibar wana yao ya 2003. Sheria yetu inamtazama mwandishi, awe padre, mwalimu au muuza mitumba, kama mwenye haki wa kwanza, na haki inaanza pale kazi inapoandikwa. Huhitaji kusajili ili uwe nayo. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, husaidia kuthibitisha tu. Haki yenyewe ina sura mbili. Moja ni ya kiuchumi: kunakili, kutafsiri, kuuza. Hiyo inaweza kuhamishwa kwa maandishi, na ndiyo iliyohama kutoka kwa mzee kwenda kwa abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abate, au kutoka kwa abasia kwenda kwa mchapishaji. Ya pili ni ya kimaadili: kutajwa jina, na maneno yako yasipotoshwe. Hiyo haihami. Kwa hiyo abate anaweza kukupa ruhusa ya kuchapa, lakini hawezi kukupa ruhusa ya kuyaweka maneno ya mzee chini ya jina lako, wala ya kuyakata kichwa na mkia yaseme kinyume. Mmonaki anaposema maneno si yake, kwa nusu hii ya sheria amekosea. Ni yake mpaka kaburini na baada ya kaburi.

Nilimweleza Mwalimu haya huku chai ikipoa. Alisikiliza kwa subira ya mtu aliyefundisha darasa la tatu, halafu akaniuliza swali lililonirudisha mezani: "Basi ninyime yote, au?"

Hapana. Tukafungua jalada lake. Alikuwa na vitu vitatu vya yule mmonaki. Cha kwanza, mistari mitatu kutoka kwenye kijitabu kilichochapwa zamani, kuhusu kiti kinachobaki mezani baada ya mtu kuondoka. Cha pili, sala nzima ya mistari kumi na sita kutoka kijitabu hicho hicho. Cha tatu, hii barua ya wino wa bluu, ambayo alitaka iwe utangulizi. Kwa msomaji ni sauti ya mtu mmoja. Kisheria ni vitu vitatu tofauti, na kile alichodhani ni rahisi kuliko vyote ndicho kigumu.

Mistari mitatu hata ruhusa haihitaji. Sheria yetu, kama ule Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, inaruhusu kunukuu kutoka kazi iliyokwisha kuchapishwa, mradi unukuu kwa uungwana, usizidi kiasi ambacho kusudi lako linakihitaji, na umtaje mwandishi na chanzo. Mwalimu alikuwa anaijadili ile mistari: aya yake nzima ilikuwa inajibu habari ya kile kiti, akisimulia kiti cha mumewe chini ya mti wa parachichi. Hiyo ndiyo nukuu halali, na ningependa waandishi wetu wajue hivyo. Nimeona watu wakifuta sentensi nzuri kwa woga wa kushitakiwa, huku mwingine jirani yake ananakili sura nzima na kuandika chini "kwa msaada wa mtandao". Hakuna idadi ya maneno iliyoandikwa sheriani ambayo ukiivuka ni wizi na usipoivuka ni halali. Zile hadithi za "chini ya maneno mia tatu ni ruksa" ni za mitaani.

Sala ni jambo jingine. Mistari kumi na sita ni michache, lakini ni kazi nzima: ina mwanzo wake na amina yake. Ukiichukua yote hujanukuu, umeichapa upya. Na Mwalimu hakuwa anaijadili. Alitaka watu waisali. Hiyo inahitaji ruhusa ya mwenye haki, na kumjua mwenye haki unaanza na ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule ambao hakuna anayeusoma. Vitabu vingi vya sala na katekesi vya nchi hii vilipita kwenye mitambo ya Peramiho na Ndanda, na ukurasa huo ndio unaotaja mchapishaji. Ukikuta pia maneno ya kibali cha askofu au mkuu wa shirika, usiyachanganye na hakimiliki. Hicho ni kibali cha mafundisho, kinasema kitabu kinaweza kuchapwa bila madhara kwa imani. Kanuni ya 832 ya ule Mkusanyo wa Sheria za Kanisa inamtaka mtawa apate ruhusa ya mkuu wake anapotaka kuchapa maandishi ya dini au maadili. Ruhusa ya yeye kuchapa, na ruhusa ya wewe kumnukuu, hutoka pengine ofisi moja, lakini ni ruhusa mbili. (Kwa sababu hiyo hiyo, hata Zaburi ulizojaza kitabuni zina mwenyewe: Daudi hatakudai, ila tafsiri ya Kiswahili ina wenye haki yake.)

Tufike kwenye barua. Mwalimu aliishika juu kidogo, akasema: "Hii si niliandikiwa mimi? Jina langu hili hapa."

Karatasi ni yake. Anaweza kuiweka kwenye fremu, kuwarithisha wajukuu, au kuiuza kama atapata mnunuzi. Maneno yaliyo juu ya karatasi si yake. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa London mwaka 1741. Mchapishaji Edmund Curll alitoa kitabu cha barua za mshairi Alexander Pope na rafiki zake bila kumwomba. Pope akaenda mahakamani. Jaji, Lord Hardwicke, akasema kwamba anayepokea barua anamiliki labda ile karatasi, lakini kupokea hakumpi ruhusa ya kuitangaza kwa dunia. Takriban miaka 300 baadaye nchi nyingi bado zinasimama hapo hapo. Na angalia matokeo yake kwa jalada la Mwalimu: ule mlango wa kunukuu bila ruhusa unahusu kazi iliyokwisha kutolewa hadharani. Barua haijatolewa. Mistari mitatu ya kitabu ni huru. Mistari mitatu ya barua, ya mtu yule yule, kwa mkono ule ule, haimo chini ya mwavuli huo.

Wamarekani walilijua hili kwa gharama mwaka 1987, pale mwandishi wa maisha ya mtunzi wa riwaya J. D. Salinger alipokuwa ametumia barua zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye maktaba za vyuo vikuu. Mtu yeyote aliweza kwenda kuzisoma. Mahakama ya rufaa ikasimamisha kitabu hata hivyo, na haikuishia kwenye nukuu: hata pale alipozizungusha sentensi kwa maneno yake huku akifuata mwendo wa Salinger hatua kwa hatua, ilimwona amevuka. Mwaka 1992 Bunge lao liliirekebisha sheria kidogo, likisema kutochapishwa peke yake kusiwe sababu ya kuzuia kila matumizi. Kidogo tu.

Mfano ulio karibu zaidi na mmonaki wetu ni Thomas Merton, Mtrapisti, yaani mmonaki wa shirika linalofuata Kanuni ile ile ya Benedikto, wa abasia ya Gethsemani, Kentucky, Marekani. Aliingia monasteri tarehe 10 Desemba 1941, akafa karibu na Bangkok tarehe 10 Desemba 1968, na katikati hapo aliandika vitabu kama mtu anayekimbizwa, na barua kwa waandishi kama Boris Pasternak na Czesław Miłosz. Kitabu chake cha 1948 cha kusimulia maisha yake kiliuzwa mno, na mrabaha ukaenda abasia. Mwaka 1962 wakuu wa shirika walimkataza kuchapa maandishi kuhusu vita na silaha za nyuklia. Alitii. Lakini barua zake juu ya mambo hayo hayo zilirudufiwa kwa mashine na kusambazwa kwa marafiki, maana barua haikuhesabiwa kuwa kitabu. Unaona jinsi mpaka ule unavyofanya kazi pande zote mbili: barua inapita mahali kitabu kinapozuiwa, na siku mtu akiitia kitabuni inakuwa kitabu, yenye masharti yote ya kitabu.

Mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, iliundwa amana ya wadhamini watatu kusimamia maandishi yake. Kwa hiyo mtu mwenye barua ya Merton nyumbani kwao ana karatasi. Amana ina maneno. Abasia inafaidika na mapato. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kusema peke yake "ni yangu" akamaanisha yote.

Nimemleta Merton pia kwa sababu ya hesabu ya miaka, ambayo huwachanganya watu kuliko kitu kingine. Sheria ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Aliyefariki 1968, ulinzi wa kitabu chake hapa ulikoma mwisho wa 2018. Marekani kitabu kile cha 1948 kinahesabiwa miaka 95 tangu kuchapwa, mpaka mwisho wa 2043. Na barua zake, zilizotolewa kwa mara ya kwanza katika juzuu tano kati ya 1985 na 1994, zinalindwa kule hadi mwisho wa 2047. Maneno ya ujana yanafunguliwa kabla ya yale aliyomwandikia rafiki. Ukichapa na kuuza Moshi, unapimwa kwa sheria ya Moshi. Ukiweka kitabu hicho mtandaoni anunue mtu aliyeko Chicago, umeingia kwenye hesabu ya pili bila kuvuka hata daraja la Kikafu.

Si mambo ya mbali. Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyeandika sana juu ya mila za Wachaga akiwa hapa hapa Old Moshi, alifariki 1966. Hapa ulinzi wake uliisha mwisho wa 2016. Ujerumani, wenye miaka 70, utaisha mwisho wa 2036. Na kama unamnukuu kwa Kiingereza au Kiswahili, kuna mtafsiri kati yenu, naye ana saa yake mwenyewe inayotembea.

Baada ya hapo tuliandika barua upya. Ya kwanza ya Mwalimu, aliyonionyesha kivuli chake, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma za aina hiyo: kurasa mbili za msiba, za kahawa iliyokauka kihambani, za jinsi alivyosoma kijitabu usiku umeme ukiwa umekatika. Ombi lenyewe lilikuwa mstari mmoja: "Naomba nitumie maneno yako kidogo." Kidogo kipi? Yapi? Mzee wa watu angejibu nini zaidi ya alichojibu?

Safari hii ilikwenda kwa Baba Abate, nakala kwa mchapishaji, ukurasa mmoja. Tuliandika sala yote kama itakavyoonekana, na namba ya ukurasa. Tukaeleza kitabu kitaitwaje, nakala 500, karatasi tu na si mtandaoni, Kiswahili tu, bei gani, kitauzwa wapi. Tukaweka mstari wa kumtaja mwandishi na abasia kama tunavyopendekeza uchapwe. Tukaomba jibu kabla ya tarehe fulani, na tukajizuia kuandika kile ambacho wengi hukiandika: kwamba tusipopata jibu tutahesabu mmekubali. Kimya si sahihi. Cha monasteri ndiyo kabisa. Wale ni watu waliochagua kunyamaza. Kisha tukaambatanisha fotokopi ya barua ya wino wa bluu, tukiomba ruhusa ya pili, tofauti, ya kuitumia kama utangulizi. Nami nikaongeza sentensi yangu, nikiomba kuitaja siku moja katika makala ya kuelezea mambo haya.

Mwalimu alitaka tuseme zaidi kuhusu marehemu. Nikamwachia aya moja.

Jibu lilikaa wiki tano, akaanza kunipigia simu kila Jumatatu. Lilipofika lilikuwa na mhuri na sahihi mbili. Sala: imeruhusiwa bila malipo kwa toleo hilo tu, na mkichapa tena mtuandikie. Barua: imeruhusiwa, mwandishi mwenyewe ameulizwa na ameridhia, isipokuwa sentensi moja, ambayo anaomba iondolewe kabla ya karatasi hiyo kuonwa na mtu mwingine.

Tuliitafuta. Ilikuwa katikati, baada ya msiba wa mzee. Alipokuwa anamfariji Mwalimu, alikuwa amemtaja ndugu mmoja wa monasteri, kwa jina, na ugonjwa wake. Mwalimu alikuwa ameisoma barua ile labda mara ishirini na hakuiona, kwa sababu aliandikiwa yeye.

Akachukua kalamu ya wino mweusi kutoka mezani kwangu, akaifunika sentensi ile kwenye kivuli tulichokuwa tunampelekea mpiga chapa, taratibu, mpaka haikusomeka hata ukiinua karatasi dirishani. Ile halisi akaikunja mara nne, akairudisha kwenye bahasha ya kaki, akaondoka nayo.